Kuchagua Kompyuta ya Mwanafunzi wa Uhandisi kwa Fedha Chache: Kazi ya Mwalimu wa Shule ya Msingi

Kila mwaka, kati ya mwezi wa Julai, matokeo ya kidato cha sita yatangazwapo, na mwezi wa Oktoba au Novemba, vyuo vikuu vifunguapo milango, mwalimu wa shule ya msingi katika mahali kama Maramba hupata wageni. Hawa si wazazi wa watoto wa darasa lake. Ni wazazi wa vijana waliokwisha kuondoka mikononi mwake miaka mingi iliyopita, ambao sasa wamechaguliwa kwenda kusomea uhandisi Dar es Salaam, Arusha au Mbeya. Mzazi huketi, huuliza hali ya nyumbani, kisha hutoa kikaratasi kilichokunjwa. Humo mna jina la kompyuta mpakato, bei yake, na tarakimu kadhaa ambazo maana yake hakuelezwa. Naye huuliza swali moja tu: "Mwalimu, hii inafaa?"

Makala haya yanahusu namna ya kulijibu swali hilo, na yamekusudiwa kwa wanachuo ambao karibuni watapangiwa vituo vya kazi vijijini. Twafahamu kwamba baadhi yao watashangaa. Watasema kwamba mwalimu wa shule ya msingi hakusomea uhandisi, na kwamba kijana aliyefaulu kidato cha sita hana budi kujitafutia habari mwenyewe. Maneno hayo yana ukweli kidogo. Lakini aliyesema hivyo hajapata kukaa katika kijiji ambacho mwalimu ndiye msomaji wa barua za benki, mjazaji wa fomu, na mtafsiri wa maandishi yaliyo nyuma ya chupa ya dawa ya mifugo. Mzazi haji kwa sababu anamdhani mwalimu kuwa fundi. Anakuja kwa sababu anamwamini kuwa mtu asiyeuza kitu.

Tena fedha zinazoulizwa si za ziada. Ni fedha za magunia ya mahindi, za machungwa, za nazi, au za iliki na pilipili manga kutoka milima ya Usambara ya Mashariki. Zikitumika vibaya hazirudi kabla ya msimu mwingine. Na kijana atasoma mwaka mzima akiwa na chombo kisichoweza kufungua programu aliyoagizwa na mhadhiri wake. Wapo vijana ambao kushindwa kwao masomo kulianzia hapo, wakadhaniwa kuwa hawana akili ya uhandisi, kumbe hawakuwa na chombo cha kufanyia zoezi.

Hata hivyo twaona kuwa mwalimu anayejibu "ndiyo" au "hapana", na yule anayetaja jina la kampuni aipendayo, wote wawili hawajafanya kazi ya ualimu. Kazi ya mwalimu ni kuwafundisha mzazi na kijana maswali ya kuuliza, kwa mpangilio unaofaa. Na swali la kwanza haliihusu kompyuta hata kidogo. Swali la kwanza ni hili: kijana anakwenda kufanya kazi gani?

Taifa letu limekwisha kupata funzo katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Katika miaka iliyofuata hesabu za Serikali zilihamishiwa katika mashine, na matokeo yake yakawa vurugu katika hesabu na hasara ya fedha, huku uendeshaji ukitegemea mno wataalamu wa kigeni. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, isipokuwa kwa kibali maalumu. Amri hiyo ililegezwa polepole katika miaka ya 1980. Hatusemi kwamba amri ile ilikuwa dawa. Yaelekea iliwachelewesha wengi kujifunza. Lakini chanzo chake chastahili kukumbukwa na kila anayeingia dukani. Kwa maoni yetu mashine zile hazikuwa na kosa. Zilinunuliwa kabla kazi haijapimwa vizuri na kabla watu wa kuifanya hawajaandaliwa. Lililoweza kuipata Wizara laweza kuipata familia ya Maramba, tofauti ni kwamba familia haina bajeti ya mwaka ujao.

Kwa hiyo tuanze na kazi. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1973, zana za mwanafunzi zilikuwa ubao wa kuchorea, rula ya T, penseli ngumu na laini, na rula ya kukokotolea. Hakuna aliyeuliza ni ubao gani wenye sifa mjini. Aliuliza ukubwa wa karatasi itakayochorewa. Kompyuta mpakato imeingia mahali pa zana hizo, na yafaa ipimwe kwa kipimo kilekile.

Katika mwaka wa kwanza, aghalabu mwanafunzi wa uhandisi husoma hisabati, fizikia, uchoraji wa kihandisi na misingi ya kuandika programu. Huandika ripoti, hutengeneza majedwali, husoma vitabu katika kioo. Kazi hizo haziitaji mashine kubwa. Mzigo huongezeka katika miaka inayofuata, nao hutofautiana. Anayesomea uhandisi ujenzi atachora kwa AutoCAD na kupima nguvu za nguzo na mihimili. Wa uhandisi mitambo atachora vyuma vyenye pande tatu, pengine kwa SolidWorks, ambayo hufanya kazi katika Windows pekee. Wa umeme atakokotoa kwa MATLAB. Wa kompyuta ataandika programu, kazi ambayo mara nyingi ni nyepesi kuliko wengi wanavyofikiri. Basi kijana aagizwe kwanza aulize idarani kwake, au kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kozi hiyohiyo, ni programu zipi zitumikazo hasa, na ipi kati yake ndiyo nzito kuliko zote. Jibu liandikwe. Mzazi anayekwenda dukani bila karatasi hiyo anakwenda kuuziwa. Mwenye nayo anakwenda kununua.

Hapa yafaa tutaje jambo ambalo huokoa fedha nyingi nalo halitangazwi na wauzaji. Programu nyingi zina wenzao wasiolipiwa. GNU Octave husoma sehemu kubwa ya maagizo yaliyoandikwa kwa MATLAB. LibreOffice huandika barua na majedwali. FreeCAD huchora vyuma, na QGIS hutengeneza ramani. AutoCAD yenyewe hutolewa bure kwa mwanafunzi anayethibitisha kuwa yumo chuoni, kwa kibali cha mwaka mmoja kinachoweza kurudiwa. Kwa hiyo muuzaji akiongeza bei kwa hoja kwamba "nimekuwekea programu zote", mwalimu amshauri mzazi akatae. Mara nyingi programu hizo zimevunjwa kufuli, nazo huja pamoja na virusi.

Kazi ikishajulikana, mashine huelezwa kwa mambo manne: prosesa, kumbukumbu ya muda ambayo dukani huitwa ramu, diski, na betri. Prosesa ni mfanyakazi. Ramu ni meza yake. Ikiwa ndogo, hulazimika kuondoa daftari moja kila anapotaka kufungua jingine. Diski ni kabati la kuhifadhia. Mzazi husikia "GB 256" akadhani ni kubwa kuliko "GB 8" na kwa hiyo ndiyo habari njema, kumbe moja ni kipimo cha kabati na nyingine ni kipimo cha meza. Kwa michoro ya kihandisi, ramu ya GB 8 ndiyo mwanzo, na GB 16 ndiyo raha. Lililo muhimu sawa na ukubwa huo ni kama mashine ina nafasi ya kuongezewa. Baadhi ya kompyuta nyembamba zina ramu iliyounganishwa moja kwa moja katika bodi. Ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho. Diski nayo iwe ya SSD, ile isiyo na sehemu zinazozunguka. Tofauti yake na diski za zamani huonekana hata kwa mtoto: mashine ileile iliyokuwa ikiamka kwa dakika kadhaa huamka kwa sekunde chache, na safari ya daladala haiitikisi ikaharibika.

Sasa tufike kwenye ubishi mkubwa: mpya au ya mtumba? Wazazi wengi hupenda mpya, na hatuwalaumu, maana katika nguo, redio na baiskeli tumekwisha kuumia na mitumba. Lakini katika jambo hili maoni yetu ni kinyume. Kompyuta mpya iuzwayo kwa bei ya chini kabisa aghalabu imetengenezwa kwa ajili ya kusomea barua na kutazama picha: prosesa dhaifu, ramu ya GB 4, na hifadhi ya GB 64 ambayo Windows peke yake huimeza karibu nusu. Humeta, na boksi lake lina harufu ya upya, ila haitamaliza mwaka wa pili wa uhandisi. Kwa fedha zizo hizo hupatikana, Kariakoo na hata Tanga mjini, kompyuta zilizotumiwa na maofisi ya ng'ambo kwa miaka mitatu au minne kisha zikauzwa: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad na nyingine za namna hiyo. Hizo zilijengwa ili zibebwe kila siku. Bawaba zake ni za chuma, kibodi yake hubadilishika, na fundi wa Tanga huweza kupata vipuri vyake. Tungekuwa na mtoto wa kumpeleka chuoni mwezi ujao, tungemnunulia ya namna hii bila kusita. Ila tusichanganye: zipo pia Chromebook za mtumba, za bei nafuu sana, ambazo haziendeshi programu za Windows tulizozitaja. Zinafaa kwa kazi nyingine.

Ununuzi wa mtumba una mpaka wake, nao waweza kutajwa kwa usahihi. Windows 10 iliacha kupewa huduma ya kawaida na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, iliyochukua mahali pake, hukubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache sana za kabla ya hapo. Kwa hiyo mashine yenye prosesa ya kizazi cha 6 au cha 7, hata ikiwa safi kama sahani, inauzwa kwa bei ndogo kwa sababu iliyo wazi. Tena kuna jambo jingine katika kizazi hicho cha 8, kilichoingia sokoni mwaka 2017. Katika prosesa za kompyuta mpakato za kawaida, viini vya kufanyia kazi viliongezeka kutoka 2 kuwa 4. Core i7-7500U ina viini 2. Core i5-8250U, yenye jina dogo na mara nyingi bei ndogo, ina viini 4. Mzazi aliyefundishwa kwamba i7 ni bora kuliko i5 atalipa zaidi ili apate pungufu. Tutarudi kwenye jambo hili tutakapofika darasani, maana ndiko mahali pake hasa.

Kadi ya picha ya pekee, ile inayofanya kompyuta iitwe ya michezo, wanafunzi wengi hawaihitaji. Hula betri, hutoa joto, na hupandisha bei. Wanaochora mitambo mikubwa yenye pande tatu ndio wanaoweza kuifaidi, na hao nao wana maabara za kompyuta chuoni.

Kuhusu betri, mwenye kukaa Maramba hahitaji kuhubiriwa. Umeme umefika mahali pengi kwa kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini, lakini kufika na kukaa ni mambo mawili. Kijana atakayerudi likizo na zoezi la kuchora lazima ajue betri yake ina uwezo gani. Uwezo huo hupimwa kwa wati-saa, nao huandikwa chini ya betri au katika ripoti ya mashine yenyewe. Katika Windows agizo la "powercfg /batteryreport" hutoa ukurasa unaoonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Muuzaji mwaminifu hatakataa agizo hilo liandikwe mbele yake. Anayekataa amekwisha kujibu.

Mengineyo ya dukani ni mepesi, nasi tutayapitia upesi. Mashine iendeshwe bila chaja kwa nusu saa. Kila kitufe cha kibodi kibonyezwe. Ufunguliwe ukurasa mweupe ili madoa ya kioo yaonekane. Kila tundu lichomekwe flashi. Mashine izimwe na kuwashwa tena, na kuhakikishwa kwamba haidai nywila ya kampuni iliyokuwa ikiimiliki, kwani mashine iliyofungwa namna hiyo ni tofali. Chaja isomwe kama yakubali volti 230. Risiti iwe ya mashine ya EFD, na juu yake iandikwe namba ya utambulisho wa kompyuta na muda wa dhamana. Na fedha zote zisiishie katika kompyuta: ibaki ya nauli ya kurudi Maramba, ya begi lenye sponji, na ya diski ya nje ya kutunzia nakala za kazi. Kompyuta iliyoibwa hununuliwa tena; mradi wa mwaka wa nne hauuzwi dukani.

Hadi hapa tumesema habari za mzazi na kijana. Lakini hili ni jarida la mbinu za kufundisha, na tungekuwa tumefanya nusu ya kazi kama tungeishia kumfanya mwalimu kuwa mshauri wa manunuzi. Maswali haya yote ni ya hesabu za shule ya msingi. Mtoto wa darasa la tano au la sita wa Maramba aweza kuyajibu akifundishwa, naye atakuwa mnunuzi baada ya miaka michache. Huko ndiko mwalimu wa msingi anakomshinda profesa: yeye huwapata watu kabla hawajadanganywa.

Tena watoto hawa wana sababu ya kutaka kujua. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilometa 1,443, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 2017, mwisho wake ni Chongoleani, mkoani humuhumu Tanga. Na kambi ya JKT Maramba hupokea vijana waliomaliza kidato cha sita kutoka pande nyingi za nchi, ambao wengi wao huelekea vyuo vikuu. Mtoto wa hapa huwaona kwa macho yake watu wanaokwenda kuwa wahandisi. Si jambo la mbali.

Tupendekeze somo moja. Halihitaji kompyuta. Mwalimu aliye na kishikwambi, mathalani mojawapo ya vile vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 kisha vikagawiwa walimu, aweza kukionyesha, lakini zana hasa ni vipande vitatu vya boksi vilivyokatwa na kuandikwa kwa herufi kubwa. Bei tunazozitaja tumezibuni kwa ajili ya darasa. Mwalimu aweke za duka la wakati wake. Darasa lipewe habari hii: familia ina shilingi 700,000, na dada anakwenda kusomea uhandisi mitambo.

Kadi A: mpya, ramu GB 4, haiongezeki, hifadhi GB 64, betri wati-saa 38, shilingi 600,000. Kadi B: ya mtumba; Core i5-8250U; ramu GB 8, yaweza kufikishwa GB 16; diski ya SSD GB 256; betri ilikuwa wati-saa 60, sasa 42; shilingi 580,000. Kadi CH: ya mtumba, nyembamba, ya kupendeza, Core i7-7500U, ramu GB 8, haiongezeki, diski ya SSD GB 512, betri ilikuwa wati-saa 52, sasa 26, shilingi 690,000.

Darasa liachwe lichague kabla ya kufundishwa chochote. Twatabiri kwamba wengi watachukua kadi CH, kwa kuwa 7 inazidi 5, na 512 inazidi 256. Mwalimu asiwasahihishe mara moja. Aandike hesabu ya kura ubaoni, kisha aulize: "Jezi namba 10 ya mchezaji mpira ina thamani mara mbili ya jezi namba 5?" Watacheka. Hapo ndipo penye kiini cha somo. Kuna tarakimu zinazohesabu na kuna tarakimu zinazotaja jina tu. GB 8 ni kiasi. Ukiongeza nyingine 8 unapata 16. Lakini i5 na i7 ni majina ya ngazi ambayo kampuni imewapa wafanyakazi wake, na ngazi ya juu ya mwaka wa zamani yaweza kuwa chini ya ngazi ya kati ya mwaka mpya. Mtoto anayetoka shuleni akiijua tofauti hii atasaidika nayo katika mengi zaidi ya kompyuta.

Kisha mwalimu aandike ubaoni 8250 na 10210, aeleze kwamba tarakimu za mwanzo ndizo zinazotaja kizazi, na aulize kila moja ni ya kizazi cha ngapi. Ya kwanza ni rahisi. Katika ya pili, wengine watasema "cha 1", kwa kuwa wameona 1 mbele. Jibu ni kizazi cha 10, na mwalimu amepata mfano wa thamani ya nafasi ambao haumo katika kitabu cha kiada: tarakimu tatu za mwisho zitengwe kwanza, kinachobaki kushoto ndicho kizazi.

Betri itoe zoezi la asilimia. Kadi B: 42 kwa 60 ni asilimia 70. Kadi CH: 26 kwa 52 ni asilimia 50. Halafu igawanywe: mashine ikitumia wati 12, betri ya kadi B itadumu saa 3 na nusu, nyingine ikitumia wati 13, itadumu saa 2. Wanafunzi waulizwe ni yupi kati ya akina dada hao wawili atakayemaliza mchoro wake umeme ukikatika saa 1 jioni na kurudi saa 4 usiku. Jambo moja litawachanganya, na mwalimu alijue mapema: diski ya GB 256 ikifunguliwa katika Windows huonyesha takriban 238. Muuzaji hakuiba. Mtengenezaji huhesabu kwa maelfu ya 1,000, Windows huhesabu kwa 1,024, basi. Kwa wanafunzi wepesi wa darasa hilo ni fumbo zuri la kwenda nalo nyumbani.

Mwisho darasa lipige kura tena, na kila kundi liandike barua fupi kwa mzazi, kwa Kiswahili sanifu, kueleza limechagua nini na kwa nini. Barua hiyo ndiyo kipimo cha somo, na mwalimu asahihishe sababu kuliko chaguo. Kundi likichagua kadi A kwa hoja kwamba mpya ina dhamana na mzazi hana njia ya kwenda Tanga kila mara kumtafuta fundi, lipewe alama zake. Limefikiri. Anayeandika "B" bila sababu hajafikiri, hata kama ndilo jibu la mwalimu.

Katika darasa lolote la Maramba atainuka mtoto mmoja akauliza: na wenye shilingi 200,000 tu wafanyeje? Swali hilo mwalimu asilikimbie, maana linaulizwa na mtoto anayeijua nyumba yake. Kwa kiasi hicho, maoni yetu ni kwamba mzazi asinunue kwanza. Asinunue mashine mbovu ili kijana asiende mikono mitupu. Fedha hizo zitunzwe. Kijana aanze muhula wa kwanza kwa kutumia maabara ya kompyuta ya chuo, ahudhurie mapema kabla foleni haijawa ndefu, na atembee na flashi yake. Akipata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, sehemu iliyotengwa kwa vitabu na viandikwa yaweza kuwekwa pamoja na akiba hiyo. Kufikia mwanzo wa mwaka wa pili, mzigo wa programu nzito unapoanza kuongezeka, atakuwa ameijua kazi yake kwa vitendo, ameziona mashine za wenzake zilizodumu na zilizokufa, na atakwenda Kariakoo mwenyewe na karatasi yake mkononi.